Kozi Fupi Wakati wa Likizo: Faida kwa Mwanafunzi wa Chuo Kikuu

Vyuo vikuu vinapofunga mwaka wa masomo, vijana wetu hurudi nyumbani Tukuyu, Kiwira, Katumba na vijiji vingine vya Rungwe. Wapo wanaokwenda mafunzo kwa vitendo. Wapo pia wanaoshinda na simu mpaka chuo kifunguliwe. Makala hii inawahusu hao wa pili, na wazazi wao wanaouza ndizi na majani ya chai ili ada ipatikane.

Kozi fupi ni mafunzo ya wiki chache au miezi michache yanayolenga kazi moja: udereva, ushonaji, umeme wa majumbani, kompyuta, usindikaji wa vyakula. Hutolewa na vyuo vya VETA na vyuo vya maendeleo ya wananchi, kama kile cha Katumba hapa wilayani. Vyuo hivi vya wananchi vilianzishwa mwaka 1975 kwa mfano wa Uswidi, miaka 8 baada ya Mwalimu Nyerere kutoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Havikujengwa kwa ajili ya walioshindwa shule, ingawa wengi wetu ndivyo tunavyovitazama, na dharau hiyo imewanyima vijana mengi.

Tuchukue parachichi, zao ambalo sasa limejaa Rungwe. Mbegu ya Hass ukiipanda haizai Hass ileile. Ndiyo maana mche wa kienyeji hubebeshwa kikonyo cha Hass, kisha hufungwa kwa utepe wa plastiki hadi vishikane. Mwanafunzi wa biolojia amesoma darasani juu ya tabaka linalokua chini ya gome na amejibu mtihani wake vizuri. Mpe kisu na mche. Asipokutanisha tabaka hizo mbili, kikonyo kitakauka, na hapo ataelewa kile alichokuwa amekikariri. Akiweza, ana kitalu nyuma ya nyumba ya baba yake kabla hajapata shahada.

Mwanafunzi wa uhasibu anaweza kujifunza programu za hesabu anazotumia mwajiri. Frateri naye, atakapokuwa paroko, atakabidhiwa vitabu vya fedha, jenereta na wakati mwingine shamba. Afadhali aanze kujifunza mapema.

Lakini tahadhari. Wako vijana wanaokusanya vyeti kama stempu, na wako watu wanaowauzia. Kabla ya kulipa, hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET, kisha uliza swali moja tu: nitashika vifaa kwa saa ngapi? Ukijibiwa kwa maneno ya jumla, ondoka.

Ulizia pia mapema, mwezi mmoja kabla ya likizo, kuhusu ada, vifaa unavyotakiwa kuja navyo na tarehe ya kuanza. Kozi inayomalizika baada ya chuo chako kufunguliwa haitakusaidia, hata ikiwa ya bei nafuu.