Chacha wa Nyumba Gani?

Ukisimama kwenye stendi ya mabasi ya Tarime, mkoani Mara, ukaita "Chacha!", watageuka wanaume wengi kwa mpigo. Ukiongeza ukasema "Chacha Marwa", watapungua. Ukimalizia "Chacha Marwa Mwita", si ajabu wakabaki wawili, na wasiwe na undugu wowote. Kwa wanawake ni vivyo hivyo: Bhoke, Ghati, Robi na Wankyo hukutana kwenye daftari la darasa moja hadi mwalimu atafute namna ya kuwatofautisha. Majina ya Wakurya si mengi, na yanapokezanwa kizazi hadi kizazi, mara nyingi kwa kumkumbuka marehemu wa familia. Kwa hiyo anayetaka kuijua asili ya Mkurya kwa kufuata jina peke yake atapotea njia kabla hajafika kwa babu wa babu.

Hata hivyo, hakuna Mkurya aliyelelewa na wazee ambaye hajui kwao ni wapi. Anajua, tena kwa undani. Ila ujuzi huo haukuwekwa kwenye jina. Umewekwa kwenye ukoo, kwenye nyumba ya mama, kwenye ng'ombe wa mahari na kwenye rika. Nasisitiza jambo hili kwa sababu vijana wengi wa Tarime na Serengeti, hasa waliokulia Mwanza, Dar es Salaam au ng'ambo, sasa wanaitafuta asili yao kwa njia walizoziona kwa mataifa mengine: wanatafuta jina la familia, kisha karatasi. Kwetu njia hiyo haifiki mbali.

Tuwatazame Waslavi wa Ulaya. Mrusi naye ana majina matatu: lake mwenyewe, la baba yake, na la familia. Mtoto wa Ivan akiwa wa kiume huitwa Ivanovich, wa kike Ivanovna, halafu linafuata jina la familia kama Ivanov au Ivanova. Wakulima wengi wa Urusi walipata majina ya kudumu ya familia baada tu ya kufutwa kwa utumwa wa mashambani mwaka 1861. Kabla ya hapo wengi walijulikana kwa jina la baba, kama sisi. Tangu jina la familia liliposhikamana, mjukuu anaweza kulifuata kwenye vitabu vya ubatizo vya parokia. Hata Wapolandi waliokimbia Vita Kuu ya Pili wakapewa hifadhi Tengeru, karibu na Arusha, waliacha makaburi yenye majina ambayo jamaa zao bado wanaweza kuyatambua.

Jina la tatu la Mtanzania halifanyi kazi hiyo. Chacha Marwa Mwita ni Chacha mtoto wa Marwa mtoto wa Mwita. Mwanawe ataitwa Wambura Chacha Marwa, na hapo Mwita ameshadondoka. Mjukuu atakapoandikishwa shule, Marwa naye atakuwa ameondoka. Siku hizi wapo wanaoling'ang'ania jina moja la babu ili vyeti, kitambulisho cha taifa na pasipoti visigongane, lakini mwenzao wa tumbo moja huenda ameandikishwa kwa jina jingine. Watoto wao wakikutana miaka hamsini baadaye, karatasi hazitawaambia kwamba ni ndugu.

Kinachowaambia ni maswali. Msikilize mzee anapopokea kijana aliyekuja kuulizia binti:

"Mura, wewe ni wa nani?"

"Wa Marwa, tata."

"Marwa yupi?"

"Marwa wa Mwita."

"Hao tunao wengi. Ninyi ni watu wa wapi? Na huyo Marwa, mama yake alitoka kwa nani?"

Mzee hafanyi hivyo kwa kumdharau kijana. Anapanda ngazi. Ngazi ya juu kabisa ni ikiaro, yaani ukoo mkubwa wenye eneo lake: Wanyabasi, Wairege, Watimbaru, Wanyamongo, Wanchari, Warenchoka, Wakira na wengineo. Ndani ya ikiaro kuna egesaku, ndani ya egesaku kuna irigiha, na ndani ya irigiha kuna eeka, ambamo watu wanahesabiana babu kwa majina. Swali la egesaku lina uzito wa pekee kwa sababu watu wa egesaku moja hawaoani. Uchunguzi wa nasaba kwa Wakurya ni sharti la posa. Nasaba isipojulikana vizuri, ndoa inaweza kuvunjika hata kama ng'ombe wameshahesabiwa.

Swali la mama ndilo zito kuliko yote, na ndilo ambalo mgeni hulisahau. Katika mji wa mzee mwenye wake kadhaa, kila mke ana nyumba yake, shamba lake na ng'ombe waliowekwa kwa ajili ya nyumba hiyo. Binti wa nyumba akiolewa, ng'ombe wake ndio wanaomwezesha kaka yake wa nyumba hiyo hiyo kuoa. Kwa hiyo kaka anajua fika kwamba mke wake ameingia mjini kwa ng'ombe wa Ghati au wa Bhoke fulani, na heshima kwa dada huyo haiishi. Miaka ikipita, watoto wa nyumba moja wanaongezeka, wanahama, wanaanzisha mji wao. Mara nyingi tawi jipya la ukoo huanzia hapo, na ukiuliza kwa nini matawi mawili yenye babu mmoja yanajitenga, utaambiwa kwamba mama zao walikuwa wawili. Orodha ya wanaume watupu haiwezi kukueleza hilo.

Hapo ndipo inapoeleweka nyumba ntobhu, desturi ambayo huandikwa sana magazetini na kueleweka kidogo. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe na kuoa binti, binti huyo akazaa na mwanamume aliyekubalika, na watoto wakawa wa nyumba ya yule mama aliyetoa ng'ombe. Mara nyingi huhesabiwa kuwa wa mume wa mama huyo, hata kama mume alifariki zamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haiitambui ndoa hiyo, na ni kweli kwamba wapo mabinti walioingizwa humo wakiwa wadogo, bila hiari yao. Hilo ni ovu na halitetewi kwa jina la mila. Lakini anayeandika nasaba hawezi kuiruka. Mtoto wa nyumba ntobhu ni mtoto kamili wa ukoo. Kipimo cha vinasaba kitamwonyesha baba mwingine. Wazee watamwonyesha ng'ombe waliotolewa na nyumba iliyomlea. Mwenye kutafuta asili yake Ukuryani lazima ajiulize mapema anatafuta asili ya damu au asili ya ukoo, maana haziendi pamoja siku zote, na ukoo haujawahi kudai kwamba ni lazima ziende pamoja.

Chombo cha nne cha kumbukumbu ni rika, na hiki kwa maoni yangu ndicho cha thamani kubwa kuliko vyote. Kuna rika la tohara, esaro, ambalo huwaunganisha waliotahiriwa msimu mmoja na kupewa jina lao. Wazee wakipanga majina hayo kwa mfuatano, mtu anaweza kukadiria babu yake alikuwa kijana katika miaka gani. Kisha kuna makundi ya vizazi, amakora, ambayo mtu huzaliwa ndani yake. Yako katika mizunguko miwili. Mmoja una Abasaai, Abanyambureti, Abagamunyere na Abamaina. Mwingine una Abachuma, Abamairabe, Abagini na Abanyangi. Baba akiwa Msaai, mwanawe ni Mnyambureti, mjukuu ni Mgamunyere, kitukuu ni Mmaina, na kilembwe anarudi kuwa Msaai.

Mpango huu ni mzani wa kupimia masimulizi. Kumbukumbu ya mdomo ina ugonjwa unaojulikana: babu asiyekuwa na sifa husahaulika, na mjukuu wake akaunganishwa moja kwa moja na shujaa wa zamani. Lakini kama wewe ni Mmaina, na mtu unayetajiwa kuwa babu yako mzaa baba alikuwa Msaai, hesabu imekataa. Babu wa Mmaina ni Mnyambureti. Kuna mtu mmoja ameachwa katikati, na sasa unajua pa kumtafuta. Sijui chombo cha karatasi kinachosahihisha makosa yake chenyewe namna hiyo.

Ukivuka kwenda wilaya ya Serengeti, mambo yanafanana na kutofautiana. Wangoreme, Wanata, Waikoma na Waisenye ni jirani wa karibu wa Wakurya kwa lugha na kwa amakora, lakini kila watu wana chimbuko lao. Wanata husimulia habari za mwindaji Nyamunywa na mwanamke mkulima Nyasigonko, wazazi wao wa kwanza. Waikoma wana Machaba, pembe za ndovu zilizotoka kwa mganga wa Kitatoga, ambazo zimekuwa nguzo ya umoja wao. Kwao nasaba imefungwa pia na mahali: chemchemi, mlima, mji wa kale. Baadhi ya mahali hapo sasa pamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, na mjukuu hawezi tena kwenda kuonyeshwa na babu.

Karatasi zipo, na hazifai kupuuzwa. Wamisionari Wamenoni walifika Shirati mwaka 1934 na wale Wakatoliki wa Maryknoll wakafika Musoma mwaka 1946. Vitabu vya ubatizo na ndoa vya makanisa vinaweza kutaja wazazi na wadhamini. Wakurya wengi waliingia jeshi la kikoloni la King's African Rifles, na jeshi nalo huandika majina. Lakini kila karatasi iliandikwa na mgeni kwa sikio lake, na jina moja linaweza kuonekana kwa tahajia tatu. Isitoshe, mpaka uliochorwa na Wajerumani na Waingereza mwaka 1886 uliwakata Wakurya vipande viwili. Wanyabasi wapo Tarime na wapo pia Kenya, na mwenye ndugu Kehancha lazima avuke Sirari kuikamilisha hadithi. Wapolandi wanayajua mateso haya: nchi yao ilipogawanywa kati ya Urusi, Prussia na Austria, kumbukumbu za familia moja zikabaki katika lugha za watawala tofauti. Kwetu, Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 iliongeza pigo lake, kwa kuwatoa watu kwenye miji waliyozikia wazazi wao.

Kwa anayetaka kuanza, naomba aanze na bibi. Tumezoea kumkalisha mzee mwanamume kwenye kiti, tukamwandalia mbuzi na mchuzi wake mchungu wa kichuri, naye akatupa orodha ya mababu na vita walivyopigana. Ni sawa. Lakini bibi ndiye aliyeolewa kutoka ukoo mwingine, akajua nani alitoka wapi, ng'ombe wangapi walikuja, nani alilelewa kwa nani, nani aliitwa jina la nani baada ya kulia usiku kucha akiwa mchanga. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyefanya kazi Mara kwa miaka mingi na mwaka 2003 akachapisha historia zilizoandikwa na wazee wa huko wenyewe, alirudi baadaye kuandika kitabu kizima kuhusu kumbukumbu za wanawake wa mkoa huu. Alikuta kwao elimu ya mahusiano yanayovuka mipaka ya makabila, elimu ambayo wanaume hawakuwa nayo.

Muulize bibi nyumba kwa nyumba. Andika majina kama anavyoyatamka. Kwa kila mtu weka egesaku, irikora (yaani kundi lake kati ya amakora), esaro, mama yake na ng'ombe waliomwoa. Mrekodi kwa simu, kisha waachie nakala ndugu wa Tarime na wa Kehancha, si wewe peke yako wa mjini. Halafu linganisha na kitabu cha kanisa.

Kazi hii haingoji. Maktaba ya Wapolandi kule Warsaw ikifungwa leo, itafunguliwa kesho. Bibi wa miaka tisini hana kesho ya kutuahidi, na kizazi kinachoulizana majina matatu tu kimeshaanza kuoana bila kujuana. Wakurya walijenga njia ya kumtambua mtu inayotazama mama, dada, ng'ombe na rika kwa pamoja, na njia hiyo imedumu bila kitabu. Sasa inahitaji kitabu, na wa kukiandika ni sisi wenye bibi walio hai.