Mkate wa Chachu Haupatikani kwa Kuongeza Maji

Katika maduka ya Ulaya na Marekani huuzwa pakiti za unga wa ngano uliokwisha kuchanganywa na chumvi, sukari na hamira. Mama wa nyumbani huambiwa aongeze maji, akande, angoje saa moja au mbili, kisha aoke. Kwa mkate wa kawaida pakiti hiyo yaweza kufaa, ingawa bei yake huipita ile ya unga mtupu. Taabu huanza pale inapopewa jina la mkate wa chachu. Mkate huumuka upesi na kupendeza macho; lakini ukikatwa, ndani ni kama pamba, nao uchachu huuma ulimi mara moja ukatoweka. Kesho yake umekwisha kukauka. Aliyetoa fedha yake ili watoto wale vizuri ana haki ya kuuliza amenunua nini.

Mara nyingi amenunua chachu iliyokaushwa, isiyo na uhai wa kutosha, au asidi ya unga tu. Kazi yote ya kuumua hufanywa na hamira ya kiwandani. Uchachu umetiwa humo kama chumvi itiwavyo mchuzini.

Chachu ya kweli ni unga na maji ambamo hamira za asili na vijidudu viitwavyo bakteria huishi pamoja. Mwaka 1971 wataalamu Leo Kline na T. F. Sugihara, wa maabara ya Wizara ya Kilimo ya Marekani katika jimbo la California, walieleza siri ya mkate mashuhuri wa San Francisco. Hamira ya mkate ule haili sukari ya kimea. Bakteria ndiyo huila, ikatoa asidi ambayo hamira yenyewe huivumilia. Kwa hiyo hawagombanii chakula, nao waweza kukaa pamoja miaka na miaka. Kiwanda cha Boudin cha mji huo, kilichoanza mwaka 1849, husimulia kwamba katika tetemeko la 1906 Louise Boudin aliiokoa chachu yao ndani ya ndoo. Hamira ya dukani hakuna ambaye angeikimbilia hivyo!

Wafaransa wamelitia jambo hili katika sheria. Amri ya tarehe 13 Septemba 1993 yataka mkate uuzwao kwa jina la chachu uwe na kipimo cha pH kisichozidi 4.3, na asidi ya siki isiyopungua sehemu 900 katika kila milioni, tena asidi hiyo iwe imezaliwa ndani ya mkate wenyewe. Hamira kidogo yaruhusiwa, gramu 2 kwa kilo ya unga. Siki ya kumimina haihesabiwi.

Atakaye kuitengeneza nyumbani hahitaji pakiti. Achanganye gramu 50 za unga, hasa usiokobolewa, na gramu 50 za maji katika chupa yenye mdomo mpana, na kuifunika bila kuikaza. Kila siku atupe nusu na kuongeza unga na maji mapya kwa uzito ule ule. Huenda siku ya tatu ikalala kimya, isitupwe. Baada ya wiki moja au mbili, ikiwa hupanda maradufu kila ilishwapo na kunukia kama uji mchachu, iko tayari.

Kwa mkate mmoja hutumika unga gramu 500, maji gramu 350, chachu gramu 100 na chumvi gramu 10. Penye baridi donge laweza kuumuka usiku kucha. Penye joto saa nne au tano zaweza kutosha, hivyo litazamwe donge, si saa. Huokwa katika tanuri kali kwa dakika 40 hivi, au katika sufuria nzito yenye makaa chini na juu ya mfuniko. Likigongwa chini na kulia kama ngoma, limeiva. Lisikatwe kabla ya kupoa, ama sivyo ndani litanata kama ugali mbichi.