Bima ya Safari Fupi ya Treni: Je, Ina Faida?

Baada ya darsa ya wiki iliyopita hapa Bamburi, mama mmoja alituuliza swali ambalo wengi wetu tumelipitia bila kulitamka. Bintiye anasoma Nairobi, naye humwendea kwa treni. Safari hii wakala mmoja alimshauri achukue bima ya safari, kwenda na kurudi. "Enyi wenzangu, nilipe au nisilipe?"

Tuanze na hesabu. Tangu Januari 2024, nauli ya daraja la kawaida kutoka Miritini hadi Nairobi ni shilingi 1,500. Kwenda na kurudi, 3,000. Bima ya safari kwa asili yake imetengenezwa kwa ajili ya nchi za mbali: matibabu ya ugenini, ndege iliyofutwa, sanduku lililopotezwa njiani. Katika treni ya saa tano au sita mzigo u juu ya kichwa chako, wautazama mwenyewe. Na ukiugua Nairobi, u katika nchi yako; Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, humhudumia mwanachama huko kama hapa, maadamu michango yake imelipwa. Hilo ndilo la kuhakikisha kwanza, kabla hata ya kufunga mkoba.

Iko hofu ya ajali, nayo si ya kudharauliwa. Wazee wetu hawajaisahau Januari 1993, mafuriko yalipolibomoa daraja la Ngai Ndethya na treni iliyokuwa ikija Mombasa ikatumbukia mtoni, watu zaidi ya 100 wakafariki. Wala Machi 1999, treni ilipoacha reli huko Tsavo na kuua watu 32. Hayo yalikuwa kwenye reli ya zamani, kabla ya hii ya 2017. Lakini mwenye kuwafikiria mayatima wake, bima ya saa sita itamfaa nini? Hatari yetu ya kila siku iko kwenye matatu na bodaboda, baina ya Bamburi na mjini. Bima ya ajali ya mwaka mzima inaweza kuyachukua hayo yote, na treni ikiwamo. Ila uliza wazi kama abiria wa bodaboda anahesabiwa, kwani zipo zinazomwacha nje.

Hasara niliyoipata mimi ilikuwa nyingine kabisa. Mwaka jana nilitoka nyumbani saa saba na nusu kuiwahi treni ya saa tisa alasiri. Magari yakasimama kabla ya Daraja la Nyali, yakasimama tena Changamwe. Nilipofika Miritini milango ilikuwa imefungwa, na tikiti ikabaki karatasi tu. Nilipouliza baadaye, nikaambiwa kwamba kwa kawaida bima hailipi aliyecheleweshwa na msongamano ambao angeweza kuutarajia. Na nani wa Bamburi asiyeutarajia? Sasa hutoka saa tano na nusu, Adhuhuri ikanikuta Miritini.

Kwa atakayetaka bima ya mwaka, suala la sharia lina majibu. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi, katika kikao chake cha Jeddah, Desemba 1985, iliikataa bima ya kibiashara kwa sababu ya gharari, ikairuhusu ile ya kusaidiana: wanachama hutoa mchango kwa nia ya tabarrui, na aliyefikwa hufidiwa kutoka mfuko huo. Kenya, Takaful Insurance of Africa imekuwako tangu 2011. Nenda na mumeo au mwanao, mukaisome mikataba yote, hasa yale yasiyolipwa.

Yule mama hakulipa. Fedha ile ameiweka katika kibweta chake, iwe nauli ya treni ya pili endapo ya kwanza itampita.