Je, Wajua Kwamba Giza Hupimwa?

Kifaa cha kupimia giza hutosha kiganjani. Mtaalamu hukielekeza utosini mwa anga, hubonyeza kitufe, na namba hutokea. Namba ikipanda, giza limezidi. Anga safi kabisa, isiyo na mwezi wala taa, hukaribia 22. Katikati ya jiji kubwa namba hushuka hadi 17 au 18. Tofauti hiyo si ndogo: hatua 5 za kipimo hiki ni mwanga uliozidi mara 100.

Upimaji huu hutangulia popote panapofikiriwa kujengwa kituo cha kuchunguza nyota. Chukua mfano wa Mkiwa, mkoani Singida, pale barabara ya Itigi inapochepuka kutoka ile ya Dodoma na Singida, mbali na miji mikubwa. Mahali hapa pako takriban nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, hivyo makundi ya nyota ya Dubu Mkubwa wa kaskazini na Msalaba wa Kusini huonekana yote mawili. Kufikia saa mbili usiku giza limekamilika au limekaribia, nalo hudumu kwa saa 9 na nusu hivi, mwaka mzima.

Lakini giza peke yake halitoshi. Ili kujua kama kuna mawingu, kipimajoto cha mionzi hutazamishwa juu usiku kucha: anga tupu husomeka baridi kali, wingu husomeka joto zaidi. Mvua za Singida ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kwa hiyo kiangazi ndicho kinachotegemewa. Kiangazi hichohicho ndicho chenye vumbi na moshi wa mapori yanayochomwa, na vyote hufifisha nyota. Upepo wa Singida, unaosifiwa kwa kufaa kuzalisha umeme, unaweza kuitikisa darubini. Unyevu nao ukizidi, umande hutua kwenye vioo.

Kuna pia mtikisiko wa hewa yenyewe, ule unaofanya nyota zimetemete. Wataalamu huitazama nyota moja kupitia matundu mawili ya darubini moja, kisha hulinganisha jinsi taswira zake mbili zinavyochezacheza. Mahali pazuri, taswira ya nyota haitanuki kupita sehemu moja hivi kati ya 3,600 za nyuzi moja.

Ndiyo maana usiku mmoja mzuri hauthibitishi kitu. Mwezi mpevu hushusha namba. Hata ule mkanda mweupe wa nyota unaopita utosini nyakati za usiku mwezi Julai huishusha, ingawa hakuna taa iliyowashwa. Anayetaka ukweli hupima misimu yote, na kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Ethiopia ina kituo cha Entoto, chenye darubini mbili za kipenyo cha mita 1, juu ya mlima wenye zaidi ya mita 3,000. Ni hatua ya kujivunia Afrika Mashariki, lakini chini yake kuna Addis Ababa na taa zake, na urefu wa mlima hauzimi taa.

Tanzania bado ina giza la kutosha kuchagua mapema. Halmashauri zinazoweka taa za barabarani, na sisi tunaojenga kando ya barabara hizo, tufunike taa kwa juu ili mwanga ushuke chini tunakouhitaji. Gharama yake ni ndogo, na kuilinda anga ni rahisi kuliko kuirudisha.