Bidoni ya maji na mawe ya figo Lac Vert

Lac Vert, magharibi mwa Goma, mawe ya volkano yako kila mahali: njiani, kwenye kuta za viwanja, chini ya misingi ya nyumba. Mtu wa hapo akiambiwa ana jiwe kwenye figo, ni rahisi aamini kwamba alilimeza pamoja na maji. Sivyo. Jiwe hilo huzaliwa ndani ya mkojo wenyewe. Mkojo hubeba kalsiamu, oksaleti na asidi ya yuriki. Maji yakiwa machache, vitu hivyo hushikana, kama chumvi inayoganda sufuriani maji yanapokauka.

Na maji ni machache kweli. Mvua ya Goma hupenya kwenye nyufa za lava, mito hakuna, na bomba halifiki kila mtaa. Wengi hutegemea Ziwa Kivu, maji yakipandishwa kwa bidoni za njano za lita 20, juu ya chukudu ya mbao au mgongoni mwa mama, kamba ikimkaza kipaji cha uso. Kuzuia mawe, mtu mzima anahitaji kunywa lita 2.5 hadi 3 kwa siku. Watu wazima wanne humaliza nusu ya bidoni au zaidi kwa kunywa tu, kabla hata mboga ya sombe haijawekwa motoni. Tena maji ya ziwa lazima yachemshwe au yatiwe dawa, maana kipindupindu kipo. Kumwambia mgonjwa "kunywa maji mengi" bila kumuuliza anayapata wapi ni kumpa nusu tu ya tiba.

Chumvi nyingi, ugonjwa wa gauti, maambukizi ya mkojo yanayorudi na urithi wa ukoo navyo huchangia. Lengalenga (mchicha) lina oksaleti nyingi, lakini halina haja ya kupigwa marufuku: likiliwa pamoja na samaki wadogo wa sambaza na mifupa yao, au jibini ya Masisi, kalsiamu huishika oksaleti tumboni isifike kwenye figo.

Jiwe likitulia figoni linaweza lisiume kabisa. Likiingia kwenye mrija unaoshuka hadi kibofu, wenye upana wa milimita chache tu, maumivu huanza ghafla ubavuni na kushuka hadi kinena. Huja kwa mawimbi, kwa sababu mrija unajikaza kulisukuma. Mgonjwa hutapika, mkojo huweza kuwa na damu, na hatulii: anasimama, anainama, anajigaragaza. Mwenye kidole tumbo kilichovimba, kinyume chake, hulala kimya akiogopa kutikiswa.

Wengi huanza na kipimo cha malaria. Vimelea vikionekana, bado havielezi ubavu unaouma upande mmoja. Mkojo upimwe, na ekografia ifanywe: huonyesha figo iliyovimba kwa mkojo uliozuiwa, ingawa jiwe dogo lililokwama mrijani huweza kuikwepa. Picha ya eksirei haioni mawe ya asidi ya yuriki. Skana huyaona karibu yote. Mwanamke wa umri wa kuzaa apimwe mimba kwanza, kwani mimba iliyotunga nje ya kizazi huweza kuuma vivyo hivyo.

Homa na kutetemeka pamoja na maumivu hayo, au mkojo kukatika, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, hata usiku. Pasipo dalili hizo, jiwe lisilofika milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe. Kojolea kwenye kitambaa safi, na punje ikibaki ipeleke maabara ijulikane ni ya aina gani.