Malagarasi: maji ya kutazama na maji ya kuogelea

Msafiri anayetoka Kigoma mjini kwa gari kwenda kusini, akaiacha Ujiji na kupita Simbo, hufika Ilagala akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Kandokando kuna michikichi, na mbele yake unapita Mto Malagarasi, mpana, wenye rangi ya udongo, ukiwa umebakiza mwendo mfupi kuingia Ziwa Tanganyika. Kwa miaka mingi hapa ndipo magari yalipopanga foleni kungoja pantoni ya kuvukia upande wa Kajeje, kisha kuendelea na njia ndefu ya kwenda Kalya. Jua likichoma na pantoni ikiwa ng'ambo, mgeni hutamani kuvua shati na kujitosa.

Asijitose. Malagarasi ya chini ni makao ya mamba na viboko, na habari hiyo si ya jana. Mwanzoni mwa Novemba 1871, Henry Morton Stanley alipokuwa akienda Ujiji kumtafuta Dk. David Livingstone, msafara wake ulivuka mto huu upande wa Uvinza. Kwanza alilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watawala wa Wavinza, kama walivyolipa wasafiri Burton na Speke mwaka 1858. Watu walivushwa kwa mitumbwi, punda wakavushwa kwa kuogelea. Punda mmoja, aliyeitwa Simba, alikamatwa shingoni na mamba kabla hajafika ng'ambo, akazamishwa mbele ya macho ya msafara mzima.

Anayetaka kuyaona maji haya yakiwa na nguvu zake zote inambidi apande juu, kuelekea Uvinza, hadi Maporomoko ya Igamba. Malagarasi huanzia milimani karibu na mpaka wa Burundi na kuzunguka kwa takriban kilomita 475. Njiani hupita katika tambarare kubwa ya vinamasi vya Malagarasi na Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Humo mto hutulia, ukatapakaa, ukapokea maji ya mito ya Moyowosi na Ugalla. Baada ya hapo lazima ushuke hadi usawa wa ziwa, na katika mteremko huo ndipo unapopasuka juu ya miamba ya Igamba.

Wanasayansi wanaeleza kwamba huenda mto huu ni wa zamani kuliko ziwa lenyewe. Kabla bonde la ufa halijadidimia na kujaa maji, yaelekea Malagarasi ulikuwa ukitiririka moja kwa moja hadi mto Lualaba, huko Kongo. Hata leo baadhi ya samaki wake ni ndugu wa samaki wa Kongo.

Uzuri huo haugeuzi maporomoko kuwa bwawa la kuogelea. Maji yanayoanguka huchanganyika na hewa na kufanya povu, na povu halimbebi mtu kama maji ya kawaida, kwa hiyo hata fundi wa kuogelea huzama haraka kuliko anavyotarajia. Chini ya poromoko mkondo hujirudia na kumvuta mtu kwenye ukuta wa mwamba. Mawe yana utelezi, na kina hakionekani. Wakati wa masika kuna jambo baya zaidi: mvua inaweza kunyesha mbali, mto ukapanda, huku anga juu ya waogeleaji ni jeupe kabisa.

Igamba pia ni mahali pa kazi. Mwaka 2020 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo wa dola milioni 120 kwa mradi wa umeme wa Malagarasi, wa megawati 49.5. Mto unapotumika kuzalisha umeme, wingi wa maji huweza kubadilika kwa uamuzi wa waendesha mitambo. Sababu nyingine hiyo ya kuuliza kabla ya kushuka majini.

Kwa anayetaka poromoko la kusogelea kwa miguu, kaskazini mwa Kigoma kuna Kakombe, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Gari haliingii huko. Unapanda boti, kisha unatembea bondeni ukiwa na mwongozaji. Gombe ndiko Jane Goodall alikoanza utafiti wake mwaka 1960. Aliwaona sokwe madume wakifika kwenye maporomoko, wakiyumba huku na huku kwa mdundo, wakining'inia kwenye mimea ya kutambaa na kurusha mawe. Mtu akisimama hapo kimya kwa dakika chache ameshapata faida ya safari.

Na kuogelea? Ziwa lipo. Tanganyika lina kina cha mita zipatazo 1,470 na ni la pili kwa kina duniani. Ufukwe wa Jakobsen, nje kidogo ya mji wa Kigoma, maji yake ni maangavu, na wageni huogelea huko. Hata ziwani kuna sheria zake. Kaa mbali na midomo ya mito, matete na maji yaliyotuama, maana konokono wa kichocho hupenda sehemu za namna hiyo, na vijidudu vinavyotoka kwa konokono hao hupenya kwenye ngozi bila mtu kuhisi. Aliyeingia maji ya mashaka aende kupimwa wiki kadhaa baadaye. Dawa ya prazikwanteli ipo na inatibu.

Halmashauri ya Wilaya ya Uvinza ina mali hapa. Vibao vya Kiswahili vinavyoonya kuhusu mamba na mkondo, njia salama ya kutazamia maporomoko, na vijana wa vijijini waliofundishwa kuongoza wageni vingeleta kipato na kuokoa maisha kwa gharama ndogo. Vijiji vya kando ya mto vinajua mamba wanakaa wapi na maji hupanda lini. Maarifa hayo yalipwe.

Hadi hapo, wewe unayepanga safari ya wikendi, ukifika mtoni zima gari, wasalimie wavuvi na waendesha mitumbwi, uwaulize. Wakikwambia hapa hapaogewi, kula migebuka yako ya mawese, piga picha, uendelee na safari.