Gofu ya kulipwa: Fedha hutoka wapi, hukatikia wapi

Apitaye Lugalo, wilayani Kinondoni, huviona viwanja vya gofu vya Jeshi na kudhani mchezo huu ni starehe ya wakubwa tu. Kwa mchezaji wa kulipwa, gofu ni biashara kama duka: ina mtaji, gharama na msimu wa hasara. Mfano unaofaa kuchambuliwa ni Michelle Wie, Mmarekani mwenye asili ya Korea.

Wie alizaliwa Honolulu mwaka 1989. Aliingia gofu ya kulipwa Oktoba 2005, siku chache kabla ya kutimiza miaka 16. Mikataba yake na Nike na Sony iliripotiwa kufikia dola milioni 10 za Marekani kwa mwaka, wakati hajashinda hata shindano moja la kulipwa. Ilikuwa kama mali kauli: fedha zilitangulia, ushindi ungefuata.

Ushindi ulichelewa. Katika shindano lake la kwanza la kulipwa alishika nafasi ya nne, kisha akafutwa kwa kuangusha mpira karibu zaidi na shimo kinyume cha kanuni. Zawadi ya zaidi ya dola 53,000 ikapotea. Mwaka 2007 aliumia kifundo cha mkono. Ushindi wa kwanza katika ligi ya LPGA ulipatikana Novemba 2009, miaka minne baada ya mikataba ile.

Kilele kilikuwa mwaka 2014 aliponyakua U.S. Women's Open huko Pinehurst na kulipwa dola 720,000. Ushindi wake wa tano wa LPGA aliupata Singapore mwaka 2018, na mwaka huo huo akafanyiwa upasuaji wa mkono. Mwaka 2023 alicheza U.S. Women's Open ya kuaga.

Hapa msomaji aone mifuko miwili. Udhamini hulipa matarajio. Zawadi hulipa matokeo tu. Jirani zetu wa Kenya wanauonyesha vizuri mfuko huu wa pili. Kenya Open ya mwaka 2025, iliyochezwa Muthaiga, Nairobi, ilikuwa na zawadi za jumla ya dola milioni 2.5. Mshindi, Jacques Kruyswijk wa Afrika Kusini, alistahili asilimia 17, yaani dola 425,000. Lakini baada ya siku mbili hufanyika mchujo: 65 bora na waliofungana nao huendelea, waliobaki hurudi makwao bila zawadi. Nauli, malazi na ujira wa mbeba fimbo ni juu ya mchezaji mwenyewe.

Kwa hiyo mfanyabiashara anayeombwa kumdhamini kijana wa gofu azingatie mambo matatu. Kwanza, atoe fedha kwa awamu, akianza na nauli na ada za mashindano. Pili, mkataba utaje bakshishi ya ushindi. Tatu, uandikwe wazi nani atabeba gharama kijana akiumia.

Nao wazazi wasimwachishe mtoto shule. Wie, pamoja na mamilioni yake, alihitimu Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2012. Wahenga walisema mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Wa mchezaji gofu ni mkono wake, na mkono huumia.